Hurafa Isiyoitikiwa

"Fisi ni fisi," Bi Semeni alikuwa akisema, na hiyo ilikuwa mara ya tano. "Ana miguu minne, ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Anakula mifupa. Nikuongezee nini hapo?"

"Jina lake, mama," alisema karani wa dirisha la nne. "Majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho."

"Fisi hana kitambulisho."

"Basi andika la kwanza na la baba. Tutayapokea kwa masharti."

"Hana hata moja, mwanangu. Ndiyo maana ikaitwa hurafa. Angekuwa na jina ingekuwa kesi."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Aliitwa Bwana Nyenyembe, mtu mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi. "Hapo umesema kweli, mama," akajibu. "Ni kesi."

Sisi tuliokuwa nyuma kwenye foleni tulisogea ili tusikie vizuri. Nataka niyaeleze mambo haya kama yalivyotokea, bila kumsema mtu vibaya, maana Serikali yetu ni nzuri na inatupenda. Hilo limebandikwa kwenye milango yote ya ofisi, hata wa choo, ingawa choo chenyewe kimefungwa kwa kukosa maji.

Ofisi tuliyokuwamo ni Wakala wa Hadithi, Nyimbo na Minong'ono. Mimi nilikwenda kusajili wimbo wa kubembelezea mtoto. Ombi nililipeleka nikiwa na mimba ya miezi saba. Wimbo una mstari usemao "nyamaza mwanangu, hao wanakuja," na Wakala wanataka kujua hao ni akina nani. Mtoto sasa anatembea na analala mwenyewe bila wimbo, lakini nimeambiwa nisikate tamaa, kwa kuwa faili langu limeonekana.

Bi Semeni ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni mkunga. Amezalisha nusu ya mtaa, hivyo hashtuki akipigiwa kelele.

*

Kisa chenyewe kilianzia kwenye mtihani wa darasa la saba. Binti yake Tunu, mwenye miaka kumi na mitatu, alifika swali la sita: Eleza maana ya neno hurafa, kisha tunga mfano mmoja. Alama kumi.

Tunu akaandika kwamba hurafa ni hadithi fupi ambayo wanyama husema na kutenda kama watu, ili watu wajione bila yeyote kutajwa. Halafu akatunga. Nakala ya hurafa yake ninayo, maana Wakala waliibandika kwenye ubao wa matangazo chini ya maneno MARUFUKU KUSOMA, na mtaa mzima ukaenda kuhakikisha ni ipi hasa isiyoruhusiwa.

"Wakati wa kiangazi wanyama walichimba kisima," aliandika Tunu. "Tembo alichimba kwa pembe, ngiri kwa pua, kobe kwa kucha. Maji yalipotoka wakamweka Fisi awe mlinzi. Fisi akakifunga kisima kwa kufuli akasema, Haya ni maji ya kesho. Mkiyanywa leo, kesho mtakunywa nini? Wanyama wakaona ana akili. Kesho yake wakaja. Fisi akasema, Leo ni leo, na maji ni ya kesho. Wakarudi. Wakaja tena, wakarudi tena, mpaka watoto wa swala wakaanza kufa. Siku moja Kobe akamwuliza, Bwana Fisi, kama hakuna anayekunywa leo, mbona ndevu zako zinadondoka maji? Fisi akajipangusa akasema, Huu ni umande. Ilikuwa saa saba mchana."

Hapo ndipo alipoishia, kwa sababu karatasi ilikwisha.

Sasa, kwa bahati tu, nchi yetu ina Wizara ya Maji ya Kesho. Kwa bahati tu, juu ya kilima cha mjini kuna tangi kubwa ambalo sisi wananchi tulilichimbia msingi kwa majembe yetu, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka mitatu. Tangi lina ukuta, lango, kufuli na mlinzi. Na kwa bahati nyingine, Waziri wa Maji ya Kesho, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Tondoroso, ana masharubu mapana yanayotunzwa vizuri. Mimi sikuona uhusiano wowote. Waziri aliuona.

Mwalimu aliyesahihisha karatasi alimpa Tunu alama kumi kati ya kumi na kuandika pembeni "Vizuri sana." Mwalimu huyo amepandishwa cheo. Sasa anasahihisha mitihani ya shule ambazo bado hazijajengwa.

*

Msomaji wa nchi nyingine atauliza: kama ni hurafa, kosa liko wapi? Nitaeleza, kwa sababu sheria zetu ni nzuri ila zinahitaji kuelezwa.

Zamani mtu yeyote aliweza kukaa barazani akasimulia habari za fisi, na kiongozi akipita akasikia, aliumia moyo hadi asubuhi. Viongozi wanaoumia moyo hawaongozi vizuri. Kwa hiyo Bunge lilikaa alasiri moja likapitisha Sheria ya Itikio. Kwa sheria hiyo, hurafa ni hadithi ya wanyama iliyoitikiwa. Msimulizi akisema "Hadithi, hadithi," na wasikilizaji wakajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," basi wote wamekiri kwamba walichokiita kije ni uongo. Fisi akiiba humo ndani, ameiba kwa idhini ya waliomwita, na hakuna kiongozi anayehusika.

Lakini simulizi isiyoitikiwa haijakiriwa kuwa uongo. Na kitu ambacho hakijakiriwa kuwa uongo, katika nchi yetu, kinaitwa taarifa. Taarifa inayomgusa mtu wa Serikali lazima ichunguzwe, na aliyeitoa hapewi cheti chochote, kiwe cha kuzaliwa, cha ndoa au cha mtihani, mpaka jalada lifungwe. Wastani wa uchunguzi ni miaka kumi na mmoja.

Tulipiga makofi sheria ilipopita. Hakuna aliyefikiria chumba cha mtihani.

Tunu ni mtoto aliyelelewa. Alianza karatasi yake kwa "Hadithi, hadithi," akaacha mstari mmoja mtupu wa itikio. Lakini chumbani humo walikuwamo watoto arobaini, msimamizi mmoja na askari wawili, na yeyote ambaye angefungua kinywa angefutiwa mtihani. Mstari ukabaki mtupu. Wakala waliupima kwa rula wakathibitisha kwamba ulikuwa mtupu kweli.

"Kwa nini hakujiitikia mwenyewe hapo kwenye karatasi?" mwanamke mmoja wa foleni alimwuliza Bwana Nyenyembe siku hiyo ya ugomvi, na hiyo ilikuwa Jumatano.

"Kifungu cha tisa, mama. Kujiitikia ni kujipigia makofi, na kujipigia makofi bila kuwa kiongozi ni kosa."

"Hizo nafasi za sekondari zinafungwa lini?" akauliza mwingine.

"Keshokutwa, Ijumaa, saa kumi jioni," alijibu Bi Semeni kabla ya karani. "Mwalimu mkuu kaniambia, bila cheti hawamwandiki. Na bwana huyu ananiambia miaka kumi na mmoja. Binti yangu ataingia kidato cha kwanza akiwa na miaka ishirini na minne, akae dawati moja na mtoto wake."

"Ndiyo nasema tuharakishe, mama," alisema Bwana Nyenyembe. "Ukinitajia fisi ni nani, taarifa inakuwa imekamilika, na taarifa iliyokamilika huchunguzwa kwa miaka saba tu."

Akafungua jalada, akamwonyesha kwamba Wakala hawajalala. Walikuwa wamekwisha kumwita shahidi. Hati ya wito iliandikwa "Kobe, popote alipo," na askari, ambao ni watiifu, walileta kobe watatu. Wawili waliachiwa baada ya kuthibitika kwamba siku ya tukio walikuwa wilaya nyingine. Wa tatu alihojiwa siku mbili. Bwana Nyenyembe alisoma kumbukumbu: "Shahidi ni mkaidi. Kila alipoulizwa kuhusu ndevu alirudisha kichwa ndani."

"Yuko wapi sasa?" Bi Semeni aliuliza.

"Rumande. Tunampa kabichi."

"Na maji?"

Bwana Nyenyembe alitazama meza. "Ameambiwa asubiri kesho," akasema.

*

Alhamisi kulikuwa na kikao cha wazi cha Kamati ya uchunguzi kwenye ukumbi wa manispaa, kwa matakwa ya Waziri mwenyewe. Alitaka asafishwe hadharani. Nilikwenda, mtoto mgongoni. Kwa kawaida sikosi mikutano ya Serikali. Ukikaa nyuma kuna kivuli.

Mheshimiwa Tondoroso alisimama, akangoja makofi yaishe, akaona hayajaanza, akangoja yaanze.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi nimezaliwa na mama. Fisi naye amezaliwa na mama. Kufanana kwetu kunaishia hapo, na hata hapo nimeagiza wataalamu wapachunguze upya. Mimi nina shahada tatu. Nimeuliza, fisi hana hata moja. Mimi nalala kitandani. Mimi nacheka pale tu panapochekesha. Wako watu wanaonung'unika kwamba maji hayatoki. Hao hawajui maana ya kesho. Wanadhani kesho ni siku. Ndugu zangu, kesho si siku. Kesho ni sera."

Makofi yalikuja hapo. Nami nilipiga, ila taratibu, nisimwamshe mtoto.

Kisha Waziri akasema kwamba mtu msafi haogopi kupimwa. Akaamuru masharubu yake yapimwe mbele ya umma. Alikuja mtaalamu wa Idara ya Vipimo, kijana mrefu mwenye glavu, akiwa na kikaratasi cheupe cha kukaushia. Akakibandika juu ya mdomo wa Waziri, akahesabu hadi kumi, akakibandua, akakiinua juu ili Kamati ione.

Kilikuwa kimelowa chapachapa.

Mtaalamu alikitazama, akamtazama Waziri, akakitazama tena kama mtu aliyeokota jino la mwenzake. Mwenyekiti wa Kamati aliinama akanong'ona jambo. Waziri alijipangusa kwa kitambaa.

"Huu ni umande," akasema.

Watu wote ukumbini waligeuza shingo kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo.

Hakuna aliyecheka. Nchi yetu ina adabu. Ila babu mmoja wa mstari wa mbele alikohoa, akakohoa na wa pembeni yake, na kwa muda wa dakika nne ukumbi mzima ulikuwa na kikohozi, mpaka Mganga Mkuu wa Wilaya akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kamati ilitoka, ikarudi, ikasoma uamuzi. Ilisema imeridhika kabisa kwamba Waziri si fisi. Ilisema pia, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba kisima, kufuli na unyevu vimeonekana kuwapo. Uamuzi ukapigwa muhuri wa nembo mbili. Bi Semeni alinyoosha mkono akaomba nakala kama mhusika, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuomba nakala, hakukuwa na utaratibu wa kumnyima.

*

Ijumaa saa sita mchana nilikuwa tena kwenye foleni na faili langu. Bi Semeni alikuja amemshika Tunu mkono. Mtoto mwembamba, sketi ya shule imefuliwa kwa maji ya mtoni na imebaki na rangi ya mto.

Bwana Nyenyembe aliwapokea kwa furaha. Alikuwa amevaa tai mpya. "Mama, mambo yamekwisha," alisema. "Mheshimiwa amesamehe. Ana moyo mkubwa. Wataalamu watatu wameirekebisha taarifa usiku kucha, na mtoto akiisaini tu, jalada linafungwa leo leo na cheti anakipata. Tena itachapishwa kwenye kitabu cha darasa la tatu, jina lake juu. Na atapanda jukwaani kuisoma Siku ya Maji ya Kesho."

Akampa Tunu karatasi. Tunu akaisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa shuleni, na foleni nzima ikasikia.

"Hapo kesho palikuwa na Fisi mwenye huruma. Wanyama wazembe walitaka kumaliza maji, lakini Fisi akayalinda kwa jasho lake, ndiyo maana ndevu zake zililowa. Kobe akaja na wanyama wote, wakamwambia, Asante, Bwana Fisi, kiu yako ya maendeleo ni kubwa kuliko yetu. Wakalia kwa furaha, na machozi yao yakaongeza kina cha kisima."

"Nzuri eh?" alisema Bwana Nyenyembe. "Sehemu ya machozi niliichangia mimi."

Bi Semeni alimgeukia binti yake. Nilidhani atamshika kichwa amwambie asaini, na kusema kweli mimi ningefanya hivyo. Nina mtoto mmoja na wimbo mmoja, na mstari wangu nilikuwa tayari kuufuta tangu mwezi wa tatu.

"Tunu," akasema. "Shule unaitaka?"

"Naitaka."

"Na kusaini?"

"Sitaki."

"Sema sababu. Usiniambie sitaki kama mtoto wa chekechea."

Tunu aliitazama karatasi. "Kobe hawezi kusema asante, mama. Ana kiu. Nikisaini, lile swali alilouliza nitakuwa nimemnyang'anya, na hakuwa na kitu kingine."

"Mdomo wa mama yake," alisema mwanamume mmoja nyuma yangu.

"Wa baba yake ulikuwaje?" Bi Semeni akamjibu bila kugeuka. "Kimya. Ndiyo maana aliliwa shamba lote na ndugu zake." Kisha akairudisha karatasi dirishani. "Chukua hurafa yenu. Mimi sina haja nayo. Nina maswali mawili."

"Uliza, mama, lakini saa inakwenda."

"Tangu mwezi uliopita mnaniambia aliyoandika binti yangu si hurafa, ni taarifa."

"Naam. Haikuitikiwa."

"Sibishani tena. Umeshinda. Ni taarifa. Jalada la taarifa linafungwa lini?"

"Taarifa ikishashughulikiwa."

"Na nani?"

Bwana Nyenyembe alichutama. Akavuta kitabu cha sheria kutoka chini ya mguu wa meza, mahali kinapofanya kazi kila siku, na meza ikainama. Akapekua. Akarudi mwanzo, akapekua tena kwa kulamba kidole.

"Sheria haisemi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Soma vizuri."

"Inasema, jalada litafungwa baada ya taarifa kushughulikiwa, nukta. Nadhani walisahau, mama. Ilikuwa alasiri."

"Taarifa inasema kuna kisima kimefungwa na watu wana kiu. Kamati imethibitisha kisima kipo na kufuli lipo. Ninayo hapa, muhuri wa nembo mbili. Sasa nakuuliza la pili, na ujibu kama mtu mzima. Kufuli likifunguliwa na watu wakanywa, taarifa hii itakuwa imeshughulikiwa au haijashughulikiwa?"

Bwana Nyenyembe alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama dari. "Itakuwa imeshughulikiwa," akasema. Halafu, kwa kuwa ni mtu mpole kweli, akaongeza: "Tunafunga saa tisa na nusu."

Bi Semeni akajifunga kanga kiunoni. "Tunu, twende. Na nyinyi, mnasajili nini hapa? Nyimbo? Mtaimba na koo gani?"

Sikupanga kwenda. Nataka hilo lieleweke iwapo maelezo haya yatafika dirishani. Niliacha tu nafasi yangu ya foleni ili ninyooshe miguu, na miguu ikafuata watu.

*

Kutoka Wakala hadi tangini ni mwendo wa nusu saa, jua la saa saba likiwa utosini. Tulipoanza tulikuwa kumi na tisa. Tulipopita sokoni wachuuzi walituuliza tunazika nani. Tunu akawaambia tunakwenda kufunga jalada. Neno hilo hawakulielewa, lakini walipoona tunaelekea kilimani walibeba ndoo zao. Kwenye zahanati walitoka wajawazito wanne wa Bi Semeni, wakatembea pembeni ya barabara, mikono kiunoni. Nilipogeuka kutazama nyuma sikuweza tena kuhesabu.

Langoni alikuwapo mlinzi, Mzee Kapungu, amevaa sare ya Wizara. Ilikuwa imesimama yenyewe kwa chumvi ya jasho, maana hata mlinzi wa maji huwa hapewi maji. Aliponiona na wenzangu mia kadhaa alisimama wima.

"Hodi, Mzee Kapungu," alisema Bi Semeni. "Mke wako hajambo? Mapacha wanakuaje?"

"Wazima, mkunga. Wanajikuna tu."

"Ndiyo nimekuja kwa hilo. Fungua."

"Siwezi, dada yangu. Nina amri." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, akaisoma huku akifuata kwa kidole. "Lango lisifunguliwe mpaka kesho."

"Umepewa lini hiyo?"

"Mwaka juzi, mwezi wa sita."

"Tarehe?"

"Kumi na nne."

"Kesho yake ilikuwa lini?"

Mzee Kapungu alikunja uso. Nilimwona akihesabu kwa vidole, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayeogopa kufika jibu. "Kumi na tano," akasema.

"Leo ni baada ya kumi na tano au kabla?"

"Baada."

"Basi umechelewa kufungua kwa zaidi ya mwaka na nusu. Ningekuwa wewe ningefanya haraka kabla Wizara haijagundua."

Mlinzi akapapasa shingoni, akavuta uzi, na ufunguo ukatoka ndani ya shati. "Hakuna aliyewahi kuniuliza tarehe," alisema. "Wote waliuliza maji."

Kufuli lilikuwa na kutu, likafunguka kwa kelele ya bata. Ndani palikuwa na tangi, na tangi lilikuwa na maji, mengi, tulivu, yenye majani machache juu yake. Kulikuwa na mabomba kumi na mawili ya kwenda mitaani, yote yamefungwa. Bomba la kumi na tatu lilikuwa wazi. Lilipita chini ya ukuta wa nyuma kuelekea bustani ya Mheshimiwa Tondoroso, ambayo kutoka pale juu ilionekana ya kijani sana. Huenda upande ule kesho ilifika mapema.

Bi Semeni alilifunga bomba hilo kwa mikono miwili, akaenda kwenye yale kumi na mawili akayafungua moja baada ya jingine, Tunu akimsaidia yaliyokaza. Chini mjini tulisikia kitu kama watu wengi wanashusha pumzi. Kisha watoto wakaanza kupiga kelele mtaa kwa mtaa, kwa mpangilio ule ule wa mabomba.

Nilikunywa. Mtoto wangu naye alikunywa. Sitaeleza ladha yake, kwa sababu sijui inasajiliwa dirisha lipi.

*

Saa tisa na dakika kumi na tano tulikuwa tena mbele ya dirisha la nne. Bi Semeni alikuwa amebeba ndoo kichwani, imejaa mpaka ukingoni, na njia nzima hakumwaga zaidi ya vijiko viwili. Aliishusha juu ya kaunta, kati yake na karani.

"Taarifa," akasema, "imeshughulikiwa."

Bwana Nyenyembe aliitazama ndoo. Nyuma yake makarani wengine walikuwa wameacha viti vyao, na simu ya ofisi ya ndani ilikuwa ikilia, ikilia, bila mtu kuipokea. Sote tulijua ni nani anapiga. Bwana Nyenyembe alijua kutuzidi.

"Mama," alisema taratibu, "nikigonga muhuri huu, Jumatatu huenda nisiwe hapa."

"Huenda," alisema Bi Semeni. "Siwezi kukudanganya. Lakini leo ni Ijumaa, na wewe uko hapa."

"Jalada nitalifunga kwa neno gani? Lazima niandike ni nini kilichofungwa. Hurafa au taarifa?"

Bi Semeni alimtazama binti yake. "Mwambie. Swali la sita ni lako."

"Andika hurafa," alisema Tunu. "Wanyama walisema, na watu wamesikia. Hakuna aliyetajwa."

Bwana Nyenyembe alichovya kikombe chake cha bati kwenye ndoo, akanywa mpaka chini, akaweka kikombe. Kisha akaandika neno moja, kwa herufi kubwa za kikarani, akavuta cheti kutoka kwenye jalada, akakiweka juu ya kaunta iliyolowa. Simu ilikuwa bado inalia. Akagonga muhuri.

Wino ulichuruzika kidogo kwa sababu ya maji. Tunu alikishika cheti kwa ncha za vidole, akakipuliza, na jina lake lilisomeka. Bi Semeni akatazama saa, akamwambia, "Kimbia." Tunu akakimbia.